Gemu kwenye Nyuzi Kumi na Sita

Kwarteti ya nyuzi ni kundi la wanamuziki wanne: wawili wanapiga fidla, mmoja viola, mmoja selo. Kila ala ina nyuzi nne, na kila sauti inasikika peke yake. Hakuna ngoma ya kufunika kasoro wala kinanda cha kujaza pengo, na ndiyo maana tangu enzi za Joseph Haydn, katika nusu ya pili ya karne ya 18, watunzi wa Ulaya wamekuwa wakipimana kwa kazi za namna hii. Muziki wa gemu za video ulizaliwa mbali na kumbi hizo, ndani ya mashine ya plastiki iliyochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Hata hivyo yako makundi, kama Videri String Quartet ya Boston, yaliyojipatia jina kwa kuupiga muziki huo, na wasikilizaji wao hawaupokei kama wasikilizaji wa kwarteti wanavyompokea Haydn.

Tofauti inaanzia kwenye mazoea. Mtu anayekwenda kumsikiliza Beethoven huenda kazi ile ameisikia mara chache tu maishani. Aliyecheza Super Mario Bros. utotoni ameusikia muziki wake mara mamia, na kila mara mikono yake ilikuwa na kazi nyingine: kuruka shimo, kumkwepa adui, kuuwahi muda. Ameukariri bila kukusudia. Anapoukuta umepigwa na watu wanne waliokaa nusu duara, huwa anasikia vitu viwili kwa pamoja: kile kinachotoka kwenye nyuzi na kile alichonacho kichwani. Kicheko, machozi na lawama zake nyingi hutoka kwenye pengo lililopo kati ya hivyo viwili.

Kumbukumbu hiyo ina umbo maalumu kwa sababu mashine zenyewe zilikuwa na mipaka maalumu. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983 na baadaye kuuzwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES, ilikuwa na chaneli tano za sauti. Mbili zilitoa mawimbi ya mraba, yenye mlio mkali wa puani, na hizo ndizo zilizobeba wimbo na sauti ya kuusindikiza. Ya tatu ilitoa wimbi la pembetatu, laini zaidi, ikapewa kazi ya besi. Hiyo haikuwa na namna ya kupandisha wala kushusha nguvu ya sauti, ama inalia ama imenyamaza. Ya nne ilitoa mvumo tu, uliokatwakatwa ukawa ngoma. Ya tano ilicheza vipande vifupi vilivyorekodiwa, na gemu nyingi za mwanzo hazikuitumia sana. Kwa kawaida, basi, mtunzi alikuwa na sauti tatu za noti na moja ya kelele. Asingeweza kushikilia kodi nene, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, kwa hiyo alizichambua noti za kodi na kuzipiga moja moja kwa kasi, sikio likazijumlisha lenyewe.

Mtu wa kwarteti akiitazama hesabu hiyo anaona kazi yake imeshaanzwa. Chaneli ya kwanza ya mraba inakwenda kwa fidla ya kwanza, ya pili kwa fidla ya pili, pembetatu kwa selo. Inabaki viola na ule mvumo, na hapo ndipo kazi nyingi za aina hii zinapofaulu au kuharibika.

Muziki wa nchi kavu wa Super Mario Bros., uliotungwa na Koji Kondo kwa gemu ya mwaka 1985, ni mfano mzuri wa kuangalia kwa karibu. Unaanza kwa noti saba ambazo sauti zote tatu zinazipiga kwa mdundo mmoja, kisha unaingia wimbo wenye mapigo yanayowahi na kuchelewa, huku mvumo ukishika mwendo kama mtu anayetikisa kayamba. Noti zile saba ni rahisi kwa kwarteti, na ndipo kicheko cha kwanza ukumbini kinapotokea. Si kicheko cha dharau. Watu wamekutana na jamaa wanayemfahamu amevaa suti. Ugumu unakuja hatua chache baadaye. Ukimwondoa mshika mwendo, wimbo unazama. Mapigo yale hayana cha kuegemea. Wapangaji wengine huiachia viola kodi za kujazia, na matokeo yake ni muziki wa kupendeza usio na miguu. Wengine huwapa wapigaji kazi ya kugonga mbao za ala kwa vidole. Njia inayofaa zaidi ni ile ambayo mpiga fidla Mmarekani Richard Greene aliitumia miaka ya 1960 katika bendi ya Bill Monroe: upinde unaangushwa karibu na mkono kwenye nyuzi, ukatoa mkwaruzo mfupi usio na noti. Viola ikiushika mkwaruzo huo, wasikilizaji huanza kutikisa vichwa. Wengi hawajui ni nini kimebadilika, lakini wanajua kwamba Mario amefika.

Sehemu nyingine za gemu hiyo zinakubali nyuzi bila ubishi. Muziki wa chini ya ardhi ni noti za besi zinazorukaruka, na selo inayodonolewa kwa kidole inaufaa kuliko hata mashine yenyewe. Muziki wa chini ya maji ni walsi, mapigo matatu kwa matatu. Ukipigwa kwa kwarteti unasikika kama ulitungwa Vienna, na hapo wasiowahi kugusa gemu hufurahi sawa na waliocheza.

Waliocheza, hata hivyo, wanakumbuka zaidi ya noti. Chaneli za Famicom zilikuwa chache mno, kiasi kwamba mlio wa kuruka au wa kuokota sarafu ulilazimika kunyang'anya chaneli ya muziki kwa muda. Wimbo ambao mtoto aliusikia ulikuwa na matobo, na matobo hayo aliyatoboa mwenyewe kwa kidole gumba. Vilevile katika Mario muda unapokaribia kwisha muziki hukimbia ghafla. Wapangaji wajanja wanalijua hilo. Fidla ya kwanza ikitelezesha kidole kwenye uzi kuiga mlio wa kuruka, au kundi zima likipandisha mwendo ghafla baada ya kimya kifupi, ukumbi hulipuka. Mzaha wa namna hiyo unafaa mara moja katika onyesho. Ukirudiwa, kundi linaonekana halina imani na muziki wenyewe.

Tetris ya Game Boy, ya mwaka 1989, inaleta hali tofauti. Muziki wake unaojulikana zaidi ni wimbo wa Kirusi wa karne ya 19, Korobeiniki, uliopangwa kwa mashine hiyo na Hirokazu Tanaka. Ndani ya kaseti hiyo hiyo umo pia mnuet wa Johann Sebastian Bach, kutoka mojawapo ya zile zinazoitwa Suti za Kifaransa. Game Boy ilikuwa na chaneli nne. Kwarteti inapopiga Korobeiniki haiutoi muziki nje ya asili yake bali inausogeza karibu nayo, maana wimbo huo ulipigwa na kuimbwa na watu muda mrefu kabla ya kufungiwa ndani ya chipu. Lakini mwambie hivyo aliyekua na Game Boy mkononi. Kwake yeye Warusi ndio walioazima. Mrusi mwenye umri huo huo naye anaweza kuwa na kumbukumbu zote mbili: wimbo wa bibi yake, na mlio wa Dendy, nakala ya Famicom isiyo na idhini iliyouzwa Urusi kuanzia mwaka 1992. Sauti ni moja, na kila mmoja anaisikia ikitoka upande wake.

Muziki wa The Legend of Zelda, wa mwaka 1986, una undugu wa aina hiyo na kumbi za Ulaya, ingawa haukupangwa uwe hivyo. Inaelezwa kwamba Kondo alikusudia kutumia Boléro ya Maurice Ravel kwenye ukurasa wa mwanzo wa gemu. Ravel alifariki mwaka 1937, na haki za kazi yake zilikuwa bado hazijaisha, kwa hiyo Kondo akatunga muziki mwingine kwa haraka. Wimbo huo una hatua za gwaride na sauti inayopanda kwa kujiamini. Katika kwarteti hukosa tarumbeta, na baadhi ya wasikilizaji husema umepungua. Wengine husema kinyume, kwamba wamesikia kwa mara ya kwanza jinsi sauti ya pili inavyojibizana na ya kwanza. Pande zote mbili ziko sahihi. Ala nne za nyuzi hazina nguvu ya gwaride, ila zinaonyesha mishono.

Mashine zilipokua, hesabu ile ya sauti nne ilivunjika. Super Famicom ilikuwa na sauti nane, na PlayStation 24. Muziki wa Nobuo Uematsu kwa Final Fantasy VII, wa mwaka 1997, una kwaya, ala za shaba na ngoma katika pambano la mwisho, na kuupunguza hadi watu wanne ni kazi ya kukata nyama hadi mfupani. Hata hivyo, ni katika gemu hiyo hiyo kwamba kwarteti hupata machozi mengi kuliko mahali pengine popote, nayo hutoka kwenye kipande kifupi cha Aerith, mhusika anayeuawa mwishoni mwa diski ya kwanza kati ya tatu. Mchezaji amekaa naye saa nyingi, amempa silaha na kumwongezea nguvu, kisha anampoteza bila namna yoyote ya kumwokoa. Muziki wake huanza kulia, na hauzimiki hata pambano linalofuata linapoanza. Aliyepitia hapo akiwa na umri wa miaka 12 hahitaji maelezo anapoisikia selo ikianza.

Sayansi ina maneno yake kuhusu hili. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwasikilizisha wanafunzi nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana, huku ubongo wao ukipigwa picha. Nyimbo zilizogusa kumbukumbu za maisha yao ziliamsha eneo la mbele ya ubongo, katikati ya paji, ambalo linahusika na mtu kujifikiria mwenyewe. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Montreal wakiongozwa na Valorie Salimpoor walionyesha kwamba msisimko mkali wa muziki, ule unaosimamisha vinyweleo, huambatana na kumwagika kwa kemikali ya ubongoni iitwayo dopamini, na kwamba sehemu moja ya ubongo huanza kazi kabla kilele hakijafika, wakati msikilizaji bado anakingoja. Mtu aliyeukariri muziki kwa kuusikia mara mamia anajua hasa kilele kiko wapi. Kwarteti ikikichelewesha kidogo tu, imemshika.

Kuchelewesha huko, hata hivyo, ndiko kunakozaa malalamiko. Mashine ya gemu haipumui. Programu ya muziki wa Famicom ilikwenda sambamba na picha za televisheni, 60 kwa sekunde, na mwendo haukuyumba isipokuwa gemu iamue. Mpiga fidla aliyesomea muziki huvuta noti ndefu, huitetemesha, hupunguza mwendo mwishoni mwa sentensi. Kwa baadhi ya wasikilizaji huo ni uhai, na kwa wengine ni sukari iliyozidi kwenye chai. Mjadala huu hauishi kwa sababu hata kumbukumbu zenyewe hazilingani. Televisheni za Ulaya zilionyesha picha 50 kwa sekunde, na gemu nyingi hazikurekebishwa. Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, yenye muziki wa Masato Nakamura, ilikwenda taratibu zaidi kwenye mashine za Ulaya kuliko za Japani na Marekani. Kwarteti moja ikipiga kwa mwendo ule ule, msikilizaji wa Manchester anaweza kuona wanakimbizwa na wa Chicago akaona ni sawasawa.

Lawama nyingine inahusu mwisho. Muziki wa gemu haujui kwisha. Umetungwa uzunguke hadi mchezaji avuke au afe, na urudiaji huo ndio uliousaidia kuingia akilini. Jukwaani lazima uishe, kwa hiyo mpangaji anatunga mwisho ambao Kondo au Uematsu hakuuandika. Wasikilizaji wanaugundua mara moja. Njia ya mkato ni kuunganisha vipande vingi kimoja baada ya kingine ili isipatikane nafasi ya kuuliza wimbo unaishaje. Mkato huo una gharama: watu hushangilia kila wimbo unapotambulika, na hakuna hata mmoja uliokaa vya kutosha kusikilizwa.

Lawama za upande wa pili, za wapenzi wa kwarteti wasiocheza gemu, hutajwa mara chache lakini zina uzito. Wanasema fidla ya kwanza imepewa wimbo wote, wengine watatu wanaandamana nyuma, na mzunguko wa tatu hauna tofauti na wa kwanza. Mara nyingi wanasema kweli. Haydn mwenyewe alichukua miaka mingi kuwafanya wote wanne wazungumze. Mpangaji anayechukua chaneli na kuzigawa tu kwa ala ametafsiri faili, hajapanga muziki. Anayeipa selo wimbo katika mzunguko wa pili, akaipandisha viola juu ya fidla na kubadilisha kodi chini ya noti zilezile, huwapata wasikilizaji wa pande zote mbili, ingawa wachache kati ya waliocheza watanung'unika kwamba ameuharibu.

Halafu kuna suala la adabu za ukumbini. Hadhira ya gemu hushangilia noti za kwanza, hucheka katikati, hupiga makofi kila mahali. Wazoefu wa kumbi hukunja uso. Lakini ukimya wanaoutetea si wa zamani kiasi hicho. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahia kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, mahali alipotarajia hasa. Arnold Schoenberg, aliyeanzisha mjini Vienna mwaka 1918 chama cha kusikiliza muziki mpya, ndiye aliyepiga marufuku makofi kabisa ndani ya chama hicho. Matamasha ya gemu yalianza upande wa kimya: Koichi Sugiyama, mtunzi wa muziki wa gemu ya Dragon Quest, aliupeleka muziki wake kwa okestra jijini Tokyo mwaka 1987, na mwaka 2003 ukumbi wa Gewandhaus wa Leipzig ukafungua mlango kwa tamasha la kwanza la aina hiyo nje ya Japani. Kelele zililetwa zaidi na maonyesho makubwa ya Marekani, yenye taa na skrini, kuanzia mwaka 2005. Kwarteti iko kati ya pande hizo mbili. Sauti yake ni ndogo, shangwe zikizidi haisikiki, na mara nyingi hadhira hujirekebisha yenyewe baada ya kipande cha kwanza: kelele wimbo unapotambulika, kisha kimya hadi mwisho.

Heshima rasmi imekuja kwa njia nyingine. Nchini Uingereza wasikilizaji wa redio ya Classic FM waliupigia kura muziki wa Final Fantasy hadi ukashika nafasi ya 3 katika orodha yao ya mwaka 2013, mbele ya kazi nyingi za mabingwa wa kale, na baadhi ya wasikilizaji wa kituo hicho hicho wakakasirika. Mwaka 2022 tamasha la Proms likaweka usiku mzima wa muziki wa gemu, ukipigwa na Royal Philharmonic Orchestra. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki wa Mario katika hazina yake ya sauti za kuhifadhiwa, muziki wa kwanza wa gemu kufika humo.

Muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy, mwaka 2011, unamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Ni Baba Yetu, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, yaliyokatwa na kurudiwa kufuata mapigo. Hapa mambo yanageuka. Mcheza gemu wa Ulaya au Marekani anaujua wimbo kwa skrini ya mwanzo ya gemu na kwa kawaida hajui unasema nini. Mkristo wa Dodoma au Bukavu anayejua sala hiyo tangu utotoni anaweza kuwa hajawahi kuiona gemu yenyewe, na jambo la kwanza analogundua ni kwamba maneno hayakukaa katika mpangilio alioufundishwa. Ukipangwa kwa kwarteti, maneno yanatoka kabisa. Mcheza gemu hapotezi kitu kikubwa, kwa kuwa kwake yalikuwa sauti tu. Anayejua Kiswahili huyarudisha mwenyewe, selo ikichukua sehemu ya mwimbaji kiongozi na ala tatu zilizobaki zikijibu kama kwaya, na kule ambako Tin alirudia neno yeye huwa ameshasonga mbele kwenye mstari unaofuata wa sala.